Kidhibiti cha Mama Mwantumu

Evarist hakuwa mtu wa kuingia dukani kwa mtu mzima bila salamu, hata siku anayokwenda kumkagua. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu Mwantumu, mikono ikiendelea kumfungashia mteja dawa ya minyoo. Alipoinua macho akaona kitambulisho kifuani na mfuko mweusi begani, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Ooh! Kumbe ni yule wa kwenye kikao. Karibu. Leo umeleta maneno au umeleta kufuli?"

"Nimeleta kazi, mama."

Mteja alichukua dawa yake akatoka haraka kama aliyesikia nyuki.

Kikao hicho kilikuwa bado kinamchoma Mwantumu. Mwezi uliotangulia, wenye maduka ya dawa na viongozi wa kata za jirani waliitwa Katesh, makao makuu ya wilaya, kuzungumzia vijana wanaozidiwa na vidonge msimu wa mavuno. Mwantumu, mama wa makamo aliyeuza dawa hapa Basotu tangu mumewe akiwa hai, alisimama akaomba jambo moja tu: sheria iwaruhusu wenye maduka madogo kama lake kuweka naloksoni, dawa ya kupulizia puani inayomrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na tramadoli au heroini. "Dawa imefungiwa hospitali," alisema, "na vijana wanakufa mashambani." Evarist, mkaguzi wa dawa, ndiye aliyemjibu. "Mama anataka tuwatangazie vijana: mezeni tu, Mama Mwantumu yupo!" Ukumbi mzima ulicheka. Ombi lile likafa ndani ya kicheko, likazikwa kabla chai haijaletwa.

Evarist alirudi nyumbani siku ile akijisikia vizuri. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Gehandu, alisoma kwa shida, na katika kazi iliyojaa bahasha za chini ya meza hakuwahi kupokea hata soda. Kwake sheria ya dawa ilikuwa ukuta. Ukitoa tofali moja kwa huruma, la pili litatolewa kwa tamaa, na la tatu halitamngoja mtu kulitoa.

Sasa alipita nyuma ya kaunta, akafungua kabati hili na lile. Duka lilikuwa safi, dawa zimepangwa, hakuna iliyopitwa na muda. Karibu aage. Ndipo alipoinua kopo la majani ya chai lililokuwa rafu ya chini, akaona ni jepesi mno kwa majani. Ndani yake mlikuwa na vichupa viwili vyeupe, kila kimoja na mdomo mwembamba wa kuingia puani.

"Hivi ni nini, mama?"

"Wewe umesoma. Unavijua."

"Vimetoka wapi?"

"Arusha, kwenye semina ya watu wanaowasaidia waliozama kwenye unga. Nilipewa bure. Siuzi, sijawahi kuuza."

"Havimo kwenye orodha ya dawa unazoruhusiwa kuweka."

"Najua havimo! Ningesimama kwenye kikao kuomba nini, kama vingekuwemo?"

Evarist alitoa mfuko wa plastiki wa kuwekea vidhibiti vya kesi, akavitumbukiza vichupa vyote viwili, akaubana mdomo wa mfuko kwa ule utepe ambao ukishafunguka haufungiki tena, akaandika jina la duka. Kisha akatoa karatasi ya kubandika mlangoni kwamba duka limefungwa.

"Baba Evarist," Mwantumu alisema, sauti imeshuka. "Sikia kombaini hizo. Ngano inavunwa. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia, na wanameza ili wasisikie mgongo. Kimoja asubuhi, kingine jua likiwa kali, kisha wanateremshia na pombe. Funga duka, sawa. Nitakaa nyumbani. Lakini hivyo vichupa viache hata kwa mwenyekiti wa kijiji."

"Mama, si mimi niliyeiweka sheria. Ningekuwa na uwezo ningekusaidia."

"Unao uwezo. Uko mkononi mwako, umeufunga kwa utepe."

Mara pikipiki ilifika ikipiga honi mfululizo, ikasimama nusura ipande baraza. Dereva alikuwa Maximilian, bodaboda wa hapo Basotu. Mgongoni kwake alikuwa amefungwa kijana kwa shuka, kifua kwa mgongo, kichwa kimemwangukia begani kama cha mtoto anayebebwa. Miguu ilikuwa imeburuzwa njiani, kiatu kimoja hakipo.

"Mama Mwantumu! Mama Mwantumu, toka!"

Walimfungua, wakamlaza barazani. Kijana alikuwa na vumbi la makapi ya ngano hadi kwenye kope. Midomo ilikuwa imepauka kijivu. Kifua kilikaa kimya muda mrefu, kikapanda kidogo, kikakaa kimya tena.

"Anaitwa Bonaventura," Maximilian alisema akihema. "Ni mgeni, ametoka Bashay kule Mbulu kuja kupakia. Tangu mchana amelala chini ya lori. Tukasema mwacheni, amechoka, si anakoroma? Anayekoroma ni mzima. Sasa hivi ndiyo kukoroma kukaacha."

"Na hii nyeupe mdomoni?"

"Maziwa. Tumempa maziwa, mama. Si ndiyo yanayoua sumu?"

"Mmemmiminia maziwa mtu asiyeweza kumeza!" Mwantumu alikuwa ameshapiga magoti. Alimgeuza kijana ubavu, maziwa yakatoka puani na mdomoni, akachokonoa kwa kidole, akafuta kwa mtandio. Akamlaza tena chali, akainua kidevu. "Zahanati?"

"Nimepita. Gari la wagonjwa limempeleka mzazi Katesh. Na dawa hiyo unayoijua wewe, hawana."

Mwantumu aliinua uso, akamtazama Evarist. Aliweka ncha ya mtandio mdomoni mwa kijana, akamziba pua, akapuliza. Kifua kikapanda. Akapuliza tena. Watu walikuwa wameanza kujaa, na mwanamke mmoja akaguna kuona mama wa watu ameweka mdomo kwa kijana asiyemjua.

Evarist hakukosa elimu. Alijua anachokiona, alikuwa amefundishwa chuoni: dawa imelilaza lile eneo la ubongo linalokumbuka kuvuta pumzi, na kilichomo mfukoni mwake kinaweza kuliamsha. Alijua pia kwamba akiufungua mfuko, ushahidi umekufa. Mwenye duka atakwenda nyumbani akicheka, na kesho kila muuza vidonge wa Hanang atasema mkaguzi naye anafungua akitaka. Na kama atafungua kisha kijana afe vilevile? Atakuwa ametumia dawa haramu, mikono yake mwenyewe, mbele ya kijiji kizima. Jina lake safi, lile pekee alilokuwa nalo, litaoshwa kwa maji machafu.

Akampigia bosi wake.

"Kidhibiti hakiguswi," bosi alisema mara moja. "Ukikigusa kesi imekwisha, na wewe umekwisha. Mpakieni mgonjwa mumpeleke hospitali."

"Hatafika, bosi. Barabara unaijua."

"Evarist, nimeshasema."

Simu ikakatika. Mwantumu alipuliza tena, akainuka kuchukua pumzi yake mwenyewe, jasho linamtiririka. "Amesemaje mkubwa wako?"

"Amesema kisiguswe."

"Basi kishike vizuri, kisije kikadondoka."

Mlango wa nyuma wa nyumba ulifunguliwa kwa kishindo. Alitoka Mzee Patriki, mwenye nyumba, fimbo mkononi. Yeye na familia yake waliishi vyumba vya nyuma, na duka lile alimpangisha Mwantumu. Aliangalia kijana, akauliza ni wa nani, akaambiwa ni mgeni. Uso wake ukakaza.

"Mtoeni hapa."

"Mzee, shikamoo, bado tunampa pumzi," Maximilian alisema.

"Nimesema mtoeni. Asifie kwangu."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hata watoto walijua. Kwa Wairaqw wa zamani, mtu asiye wa ukoo akifia kwako, mauti yamebaki na nyumba yako. Mnatengwa. Hupewi moto kwa jirani, ng'ombe wako hawanyweshwi pamoja na wa wenzako, wanao hawachezi na wa mtu, mpaka muda wake uishe. Wazee waliuita utengo huo metimani. Kanisa limeukemea, vijana wanaucheka, lakini mgeni akianza kukata roho barazani, kicheko hukauka na kila mmoja humkumbuka bibi yake.

"Mzee Patriki," Mwantumu alisema bila kuacha kazi, "ukimwinua sasa hivi pumzi inakatika moja kwa moja."

"Mimi sina chuki na mtoto huyu," mzee alijibu, na kweli sauti yake haikuwa na ubaya, ilitetemeka. "Nina wajukuu humo ndani. Si mimi niliyeiweka desturi. Ningekuwa na uwezo ningewasaidia. Mpelekeni tu pale ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja, hapana mwenyewe pale." Akawaashiria wapakiaji wawili waliofuata kwa miguu kutoka shambani. "Nyie, mshikeni."

Wapakiaji walitazamana. Walikuwa Wairaqw wa huko huko Mbulu, na waliyemwona mbele yao ni mzee mwenye fimbo. Waliinama, mmoja akashika mabega, mwingine miguu. Mwantumu alimkumbatia kijana kichwa. "Hamna mama nyinyi? Hamna mama?"

"Tuache, mama, mzee amesema."

Walimnyanyua. Mikono ya Bonaventura iliburuzika sakafuni, kichwa kikamchomoka Mwantumu kikaning'inia nyuma, koo limejikunja.

Si mimi niliyeiweka. Ningekuwa na uwezo. Evarist aliyasikia maneno hayo kana kwamba yametoka kinywani mwake, na ni kweli yalikuwa yametoka kinywani mwake, hata mate hayajakauka. Alimtazama mzee aliyesimama wima katika desturi yake, mzee mwema, mwenye wajukuu, anayemtoa mtu akafie panapomfaa yeye. Akajiona.

"Mwekeni chini!"

Hakujua kama ana sauti kubwa namna hiyo. Wapakiaji waligutuka.

"Nimesema mwekeni chini! Mzee, nisamehe, nitakuomba radhi baadaye mbele ya mashahidi, lakini huyu hainuki hapa!"

"Nyumba ni yangu!"

"Na lawama ni yangu!"

Aliupasua mfuko kwa meno. Utepe ulikataa, akauvuta, plastiki ikamkata mdomo. Alipiga magoti karibu na Mwantumu, akaingiza mdomo wa kichupa puani mwa kijana, akaminya. Ilisikika kama mtu amepiga chafya ndogo.

"Puliza, mama, usiache."

"Siachi."

Walingoja. Mwantumu alipuliza, Evarist alishika mshipa wa shingo. Hakuna kitu. Midomo ilibaki kijivu.

"Umeua," mtu alisema nyuma.

"Ngoja," Evarist alisema.

"Mkaguzi umeua mtoto wa watu, tumeona sote."

Hicho ndicho alichokiogopa, na sasa kilikuwa kimekaa mbele yake. Bado kichupa kimoja. Akikitumia, hakuna kidhibiti kilichobaki hata cha kuonyesha kwamba kulikuwa na duka lililovunja sheria. Atakuwa amevunja peke yake. Alikichukua, akakiingiza tundu la pili la pua, akaminya.

Mwantumu alipuliza. Akapuliza. Akainama tena kupuliza, akasita.

Kifua kilipanda chenyewe.

Kilishuka, kikapanda tena, safari hii kwa mkwaruzo wa mtu anayevuta kitu kizito kutoka kisimani. Kijana alikohoa, akajikunja, akatapika maziwa na kitu chekundu cha pombe, yote kwenye suruali ya Evarist. Akafumbua macho. Alitukana kwa Kiiraqw, tusi refu, na wazee wawili wakaangalia pembeni.

"Amerudi na ulimi wake!" Maximilian alipiga kelele, na watu wakaangua kicheko cha woga. Mzee Patriki alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Fimbo ilimdondoka, hakuiokota.

"Nani amenimwagia maji?" Bonaventura alitetemeka, meno yakigongana. "Lori langu liko wapi? Gunia zangu nani anapakia?"

"Kaa chini," Evarist alisema.

"Wewe nani? Niache!" Alijiinua, akayumba, akamsukuma Evarist kifuani. "Ninaumwa mwili mzima, mmenifanya nini? Niache niende kazini!"

Hapo ndipo hatari ya pili ilipokuwa, na ni Evarist na Mwantumu tu walioijua. Dawa ya puani huisha nguvu mapema. Vidonge tumboni havina haraka. Kijana angeweza kurudi chini ya lori lake akiwa mzima, akajilaza kivulini, na asiamke. Na vichupa vilikuwa vimekwisha.

Evarist alimkumbatia kwa nyuma, akamburuta hadi kwenye gari la ofisi huku akipigwa viwiko. Maximilian alisukuma miguu. Mwantumu alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma bila kualikwa, mtandio umelowa maziwa na mate.

"Duka lako liko wazi, mama," mtu alimwambia.

"Si mkaguzi alisema limefungwa? Liangalieni!"

Waliondoka na vumbi. Mashamba ya ngano yalipita pande zote mbili, nusu yamenyolewa, nusu yamesimama. Mwanzoni Bonaventura alipiga mlango mateke, akamtukana Evarist na waliomzaa. Evarist alishukuru kila tusi. Kisha matusi yakaanza kupungua.

"Mama, amelala?"

"Anataka kulala. Bona! Bonaventura! Nyumbani kwenu mna ng'ombe?"

"Mh."

"Nitajie. Nitajie mmoja mmoja, rangi zao, usipomtaja hata mmoja nakupiga kofi."

"Yupo... mweusi wa mama. Yupo wa madoa. Yupo dume la baba, lina pembe moja imevunjika."

"Ilivunjika vipi?"

"Lilipigana na la jirani." Akacheka kidogo, kicheko cha usingizini. "Yupo mwekundu. Yupo ndama wake."

"Endelea."

Kimya.

"Endelea! Ndama wa mwekundu ana rangi gani?"

Evarist alisikia kofi, kisha la pili. Alikanyaga mafuta. Gari liliruka shimo, vyuma vikalia chini. Mbele, Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu, na haukuwa ukisogea hata kidogo.

"Anapumua?"

"Endesha!"

"Mama, anapumua?"

"Anapumua kwa kuombwa! Endesha, mwanangu, endesha, usinigeukie!" Kisha akaanza kupuliza tena huko nyuma, Evarist akisikia pumzi ya mama yule ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, mpaka paa za Katesh zilipotokea.

Manesi walimchukua mlangoni. Walikuwa na naloksoni ya sindano, wakamwekea na dripu, wakamfunga mkono asiing'oe. Baada ya muda daktari alitoka akasema kijana amepata fahamu, anadai kiatu chake, na atalala hapo chini ya uangalizi. Atapona.

Evarist na Mwantumu walikaa benchi la nje. Suruali yake ilikuwa imekauka na maziwa, mdomo wake umevimba pale ulipokatwa na plastiki. Alitoa simu, akaweka spika ili mama asikie.

"Bosi, nimekifungua. Vyote viwili. Nimefungua mwenyewe, mwenye duka hakuvigusa."

"Mgonjwa?" bosi aliuliza.

"Yuko hai."

"Mshukuru Mungu. Lakini unajua Jumatatu utaitwa kujieleza."

"Nitakuja. Ila sitaishia kujieleza tu. Nataka lile ombi la maduka kuweka naloksoni lirudishwe kikaoni. Mimi ndiye niliyelichekesha, mimi ndiye nitakayelisimamia. Na huyu mama atakuja kuzungumza."

"Nani kakwambia nakuja?" Mwantumu alidakia, na bosi akasikia.

Evarist alifunika simu kwa kiganja. "Mama, nakuomba."

"Nije nikusindikize ukasifiwe? Uliwachekesha watu wazima kwa jina langu, wilaya nzima. Mpaka leo nikienda sokoni wananiita 'mezeni tu'. Leo hii umetaka kunifungia. Sasa unaniomba."

"Nakuomba."

"Utasimama wewe kwanza. Useme mbele yao, kwa mdomo wako huo huo uliovimba, kwamba ulinicheka na ulikosea. Useme bila kuzungukazunguka. Mimi nitasimama baada yako, si kabla."

Evarist alitazama mlango wa wodi. Alikuwa na kiburi, kigumu kama kipande cha ugali kikavu. Akakimeza.

"Nitasema."

"Na duka langu?"

"Karatasi sikuibandika. Lakini kosa la kuweka dawa isiyoruhusiwa bado lipo, mama. Hilo siwezi kulifuta. Litasikilizwa."

Mwantumu alimkazia macho kwa muda, kama anayepima kitu kwenye mizani, kisha akaunyoosha mkono.

"Angalau huongopi. Lete simu, nimwambie mwenyewe huyo mkubwa wako kwamba nakuja."